Thangavel wa Glasi

Kwa miaka mingi Durairaj, mpambe wa mbunge wetu, alikuwa akimwita Thangavel mpiga pasi "we mpasi", basi. Hakuhitaji jina. Alisimamisha pikipiki kando ya mkokoteni, akatupa furushi la mashati na vikoi vyeupe vyenye pindo la rangi za chama, akasema "jioni", akaondoka. Ndiyo maana Thangavel alishtuka siku ile Durairaj alipozima pikipiki, akashuka, akauegemea mkokoteni kama rafiki wa utotoni.

"Hivi wewe, jina lako kamili ni nani?"

"Thangavel."

"Kwenye kadi ya kura limeandikwaje?"

"M. Thangavel. Baba yangu alikuwa Muthaiya." Aliiweka pasi ya mkaa kando isije ikaunguza shati la mtu. "Kuna kosa, bwana?"

Durairaj akacheka. "Kosa? Hakuna jina zuri kama hilo Sembanur nzima. M. Thangavel! Em inatangulia Es."

Thangavel hakuelewa. Lakini hapa kwetu Sembanur mtoto wa shule angeelewa. Tangu kiti chetu katika bunge la jimbo kianzishwe, chama cha Taa kilikishika kama urithi wa nyumbani. Baba yake Sivalingam, mbunge wa sasa, alikikalia mpaka akafia juu yake. Mara moja tu, mwaka wa ukame, wapinzani wao, chama cha Jembe, walikinyakua, wakala walichokula, kikarudi Taa. Kisha akaja Sivalingam mwenyewe, akashinda mara mbili bila kutoa jasho. Mwaka huu jasho lilikuwa linamtoka, kwa sababu ya mtu mmoja asiye na chama: S. Thangavel, aliyekuwa kondakta wa basi, akafukuzwa kazi kwa kuongoza mgomo, akageuka kuwa mtetezi wa wakulima wa mwisho wa mfereji. Watu wote walimwita Kondakta. Alama yake ilikuwa ndoo, na ndoo zilikuwa zimechorwa kwenye kila ukuta.

"Unajaza fomu, unatia sahihi, unarudi kwenye pasi yako," Durairaj alisema. "Dhamana tunalipa sisi. Wadhamini kumi tunao. Huhutubii, hutembei na bango."

"Nigombee mimi? Dhidi ya Kondakta?"

"Nani kasema dhidi? Hii ni demokrasia. Kila mwenye jina ana haki."

"Lakini bwana, mimi kura yangu nilitaka kumpa Kondakta."

"Mpe! Nani kakuzuia? Kura ni siri yako." Durairaj akacheka tena, kisha akashusha sauti. "Nyumba yako iko ukingoni mwa mfereji, sivyo? Haina hati. Sivalingam akirudi, ya kwanza kuandikwa ni yako. Sikuahidi fedha, fedha huisha. Nakuahidi karatasi yenye mhuri."

Thangavel alichukua kikoi kilichofuata, akakikunjua, akakinyunyizia maji. Mikono ilifanya kazi peke yake. Kichwa kilikuwa kwenye mhuri.

*

Mkewe, Pechi, alikuwa akichekecha unga wa ulezi alipomweleza. Hakusimama, ila mkono ulikoma.

"Yule mtu alilala mbele ya tingatinga kwa ajili ya nyumba hii," alisema. "Umesahau? Mimi nilikuwa nimebeba vyombo kichwani, wewe umeshika kitanda. Yeye akalala chini mbele ya magurudumu, akawaambia polisi wampitie juu."

"Sijasahau."

"Halafu unakwenda kumwibia jina?"

"Jina ni langu, Pechi. Nilipewa na baba yangu kabla sijamjua Kondakta." Akaketi. "Na sikiliza. Alilala mara ile. Wakaja tena baada ya mwaka, akalala tena. Wakija mara ya tatu, atalala? Atalala mpaka lini? Mimi nataka karatasi, ili asiwepo mtu wa kulala chini kwa ajili yetu."

Pechi alilifikiria hilo kwa muda. Halikuwa neno la kijinga, na ndilo lililomuudhi.

"Na Thenmozhi?" aliuliza.

Thenmozhi alikuwa binti yao wa pekee, msichana wa kiwanda cha nyuzi. Kila Jumapili alishika brashi na kopo la rangi ya buluu, akaenda na wenzake kuchora ndoo kwenye kuta za watu. Ukuta wa nyumba yao wenyewe alikuwa ameuchora wa kwanza.

"Thenmozhi usimwambie kwanza," Thangavel alisema.

*

Siku ya kupeleka fomu walimletea shati. Alilitambua mara moja: alilipiga pasi mwenyewe juzi yake, la shemeji yake Durairaj, na kola ilikuwa na doa la chai lisilotoka. Akalivaa. Lilimfika magotini. Kijana mmoja wa chama akamchana nywele kwa kitana chake, akampaka majivu matakatifu kipajini, akasema, "Haya, sasa unafanana na kiongozi," na wenzake wakaangua kicheko.

Msimamizi wa uchaguzi hakucheka. Alipokea fomu, akasoma jina, akamtazama Thangavel juu ya miwani, akasoma jina tena, kisha akagonga mhuri kama mtu anayeua mbu. Alipewa alama kutoka zile zilizobaki. Durairaj ndiye aliyemwonyesha ya kuchagua: glasi. Glasi ya kunywea, iliyochorwa kwa mistari myeusi, pana juu, nyembamba chini.

Koridoni walikutana na Kondakta akiingia kuuliza jambo lake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua cha wima na sauti iliyozoea kelele za injini. Alimtazama Thangavel, akalitazama shati, akamtazama Durairaj nyuma yake. Hakuhitaji kuelezwa.

"Kumbe tuko wawili," alisema.

Thangavel akainamisha kichwa. Durairaj akajibu kwa niaba yake: "Sembanur ina bahati, kaka. Thangavel mmoja hatoshi."

*

Orodha ya wagombea ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, na kabla jua halijawa kali habari zilikuwa zimefika kiwandani. Thenmozhi alirudi nyumbani katikati ya zamu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, bado ana pamba kwenye nywele.

"Wenzangu wameniuliza nitachora nini sasa, ndoo au glasi."

"Binti yangu, keti nikueleze."

"Nieleze nikiwa nimesimama."

Akamweleza habari ya hati. Thenmozhi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Durairaj amekupa maandishi ya hiyo ahadi?"

Pechi, aliyekuwa jikoni, akachungulia kusikia jibu.

Jioni ile Kondakta alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila wapambe. Aliketi sakafuni kabla hajakaribishwa mkeka.

"Sikuja kukutukana," alisema. "Nimekuja kukwambia hesabu. Mwaka huu tofauti kati yangu na Sivalingam itakuwa ndogo, mia kadhaa. Jina lako litakaa juu ya langu kwenye mashine. Mashine haina picha zetu. Bibi wa shambani atasikia Thangavel, ataona Thangavel, atabonyeza. Kuna watu elfu mbili wa namna hiyo. Wewe ndiye utakayeamua, wala si Sivalingam."

"Mimi ni mpiga pasi tu, kaka."

"Kesho saa tisa alasiri ndiyo mwisho wa kujitoa. Unakwenda, unatia sahihi, imekwisha. Hati sina ya kukupa. Nikishinda nitajaribu. Siwezi kusema zaidi ya nitajaribu."

Thenmozhi alikuwa akimtazama baba yake bila kupepesa.

"Nitakwenda," Thangavel alisema. Na kusema kweli, wakati anatamka neno hilo alilimaanisha.

*

Alitoka asubuhi na shati lake mwenyewe. Hakuwa ametembea mbali gari jeupe likasimama ubavuni, Durairaj kiti cha nyuma.

"Panda, mheshimiwa. Nakwenda huko huko."

Thangavel alijua kwamba hakwenda huko huko. Akapanda. Kiti kilikuwa laini, na ndani ya gari kulikuwa na baridi ambayo hakuwahi kuisikia kwenye ngozi yake, yeye aliyeishi kando ya mkaa. Walipofika njia panda ya soko la mifugo, ambapo kushoto ni ofisi za serikali na kulia ni barabara ya Palani, dereva akakata kulia.

"Ofisi ni kushoto," Thangavel alisema.

"Najua. Mimi nilifikiri twende hekaluni kwanza, mlimani, tukaombe baraka. Mgombea gani haombi baraka?" Durairaj akamgusa dereva begani. "Simamisha."

Gari likasimama. Malori yalipita yakipiga honi.

"Mimi si mtekaji," Durairaj alisema kwa upole. "Mlango huo hapo, haujafungwa. Ukitaka kushuka, shuka. Ukisema turudi, tunarudi. Sema tu."

Thangavel alitazama mlango. Alitazama kishikio chake. Alimfikiria Thenmozhi mlangoni na pamba kwenye nywele. Kisha alifikiria tingatinga, si lile la kwanza wala la pili, bali lile ambalo bado halijaja. Durairaj alimngoja kwa subira, kama mtu aliyekwisha kujua jibu.

"Baraka ni kitu kizuri," Thangavel alisema.

Walipanda mlimani, wakapiga magoti, wakashuka. Mchana waliingia hoteli ya wasiokula nyama, wakaandaliwa wali kwenye majani ya migomba. Saa ya ukutani ilikuwa mbele ya Thangavel moja kwa moja. Mshale ulipofika tisa alikuwa akiomba aongezewe mchuzi wa dengu. Akala yote. Baadaye, alipokuwa akijilaumu, kilichomuuma zaidi ni kwamba chakula kilikuwa kitamu.

Nyumbani Thenmozhi alimsubiri.

"Walinichukua," alisema kabla hajaulizwa. "Walinipakia garini, wakanipeleka Palani."

"Walikufunga kamba?"

"Hapana."

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Walifunga mlango?"

Thenmozhi akachukua kopo lake la rangi, akatoka nje. Walimsikia akipaka ukuta, na kulipokucha waliona alichokifanya: alikuwa ameifuta ndoo kwa chokaa, akaacha ukuta mtupu. "Nyumba hii haina haki ya kuibeba," alimwambia mama yake.

*

Kura zilihesabiwa katika chuo cha ufundi. Sivalingam alipata ushindi wa kura mia tatu themanini na nane. M. Thangavel, mgombea huru, alama ya glasi, alipata elfu mbili mia moja arobaini na sita. Spika za Taa zilipiga muziki mpaka sauti ikakwaruza. Watu wa ndoo walisimama kando ya barabara kama watu waliokosa basi la mwisho.

Siku ya pili Pechi alikuwa akisugua sufuria uani. Binti yake alikuwa akifunga nywele aende kazini.

"Thenmozhi," alisema bila kuinua uso, "ile ndoo mliyokuwa mkichora, ilikuwa na mkono?"

"Mpini? Ndiyo, mama. Ndoo gani haina mpini?"

Pechi akasugua. Hakujua kusoma. Mumewe alipomtaka amchague yeye, Pechi alimwambia usithubutu, na asubuhi ya kura alikwenda na kadi yake ameificha kifuani, amedhamiria kumpa Kondakta.

"Mbona unauliza?"

"Niliyobonyeza mimi haikuwa na mkono."

Thenmozhi akaacha nywele nusu. Alikuwa na maneno mengi makali aliyoyaweka akiba tangu siku ya gari jeupe, na yote yalikuwa ya baba yake. Kwa huyu aliyeinamia sufuria hakuwa nalo hata moja. Akaichukua sufuria mkononi mwake, akaanza kuisugua yeye, na kazini akachelewa.

*

Adhabu ilianza kwenye chai. Kuppan, mwenye duka la chai, alikuwa amemuuzia Thangavel chai kila asubuhi tangu wote wawili wakiwa vijana. Asubuhi ile alimmiminia kwenye kikombe cha karatasi, wenzake wote wakiwa na glasi mikononi.

"Glasi zimekwisha?" Thangavel aliuliza.

"Zako ulikwenda nazo kwenye uchaguzi," Kuppan alijibu, na benchi zima likacheka.

Thangavel alikunywa amesimama. Baba yake, mfua nguo, alikuwa akinyweshwa chai kwenye kifuu cha nazi nje ya duka hilo hilo, enzi za baba yake Kuppan, kwa sababu watu wa tabaka lao hawakuruhusiwa kugusa chombo cha duka. Mambo hayo yalikuwa yamepigwa marufuku na kusahauliwa, au yalikuwa yamesubiri tu kisingizio. Hakurudi tena pale.

Kisha nguo zikakoma. Mwalimu mkuu alipeleka zake kwa mpasi wa stendi. Mke wa mwenye duka la dawa alimtuma mtoto kuchukua furushi lake likiwa bado halijaguswa. Mtu aliyepita kwa baiskeli alipaza sauti: "Mheshimiwa! Bunge linafunguliwa lini?" Mkaa uliwaka ndani ya pasi, ukawa majivu, bila shati la kupigwa.

Kwenye lori la maji mambo yaliharibika. Pechi alikuwa kwenye foleni na mitungi yake miwili. Mke wa Kuppan akausogeza mtungi wa kwanza kwa mguu, akaweka wake.

"Wewe chota kwa glasi," alisema.

Pechi hakuwa mwanamke wa ugomvi. Lakini alimshika yule mwanamke kidevu, polepole, kama mama anayemkagua mtoto, akaugeuza uso wake kuelekea jua.

"Kipini hiki cha pua kizuri. Umenunua wapi?"

Mwanamke akajitoa.

"Sema umenunua wapi, dada. Maana naona na huyu anacho. Na yule kule, kile kile, jiwe jekundu lile lile. Sonara gani huyo anauza vipini usiku wa kuamkia kura?" Akawageukia wengine. "Mume wangu alijiuza, sawa, na wote mmemwona, jina lake limebandikwa ukutani. Ninyi nani kawabandika? Sivalingam alipata kura elfu sabini. Zote aliuziwa na Thangavel? Zote?"

Dereva wa lori alifungulia bomba. Wanawake wakarudi kwenye mitungi yao, na baadhi yao wakavuta ncha ya sari kufunika pua. Lakini zamu ya Pechi ilipofika, maji yalikuwa yamekwisha, na hakuna aliyemgawia.

*

Thangavel alikwenda kudai hati yake. Alingoja nje ya uzio wa nyumba ya Sivalingam siku nzima, pamoja na waombaji wengine, mpaka Durairaj akatoka kujinyoosha.

"Aa, we mpasi."

"Nimekuja kwa ajili ya ile karatasi, bwana."

"Karatasi gani?"

"Ya nyumba. Ya ukingoni."

Durairaj alimtazama kwa mshangao ambao pengine haukuwa wa kuigiza. "Hati ya ukingo wa mfereji? Mahakama imekataza. Ile ni ardhi ya maji, hata waziri hawezi kuigawa. Wewe husomi magazeti?"

"Ulisema ya kwanza kuandikwa ni yangu."

"Nilisema ikiandikwa." Akageuka ndani, akarudi na furushi kubwa. "Haya, usiseme sikukumbuki. Mashati ya sherehe ya ushindi. Yana madoa ya unga wa manjano, angalia usiyaunguze. Jioni."

Furushi lilikuwa zito. Thangavel alisimama nalo mikononi mbele ya waombaji wenzake. Angeweza kulitupa chini. Lakini wiki nzima hakuwa amepata hata leso ya mtu. Akalibeba mpaka kwenye mkokoteni, akawasha mkaa, akayapiga pasi moja moja, kola, mikono, kifua, vizuri kama kawaida yake.

Kabla mvua za mwaka huo hazijaanza, tangazo lilibandikwa: barabara ya ukingoni itapanuliwa. Watu wa ukingoni wakamtafuta Kondakta. Hakuwapo. Alikuwa Madras, mkewe alisema, amekwenda kuzungumza na wakubwa wa chama cha Jembe, na hakujua atarudi lini. Tingatinga likaja likiwa na ruhusa zote. Hakulala mtu mbele yake. Lilianza upande wa daraja, likafika kwa Thangavel wakati wa chakula cha mchana, na ule ukuta mtupu ulianguka wa kwanza, kwa ndani, juu ya jiko.

*

Miaka mitano baadaye walikuwa wakiishi nyuma ya kinu cha mpunga, kwenye banda la mabati alilowaazima kaka yake Pechi. Thangavel alikuwa mpasi wa kinu, akipiga pasi nguo za karani na za mwenye kinu. Thenmozhi alikuwa bado kiwandani. Alikuwa amekataa wachumba wawili, na wachumba wawili walikuwa wamemkataa yeye baada ya kuuliza jina la baba.

Gari la kijani la Jembe lilisimama nje, Kondakta akashuka. Alikuwa amenenepa. Kikoi chake kilikuwa na pindo la kijani. Safari hii alisubiri aletewe kiti.

"Thangavel," alisema, "sijawahi kukulaumu. Umewahi kunisikia nikikulaumu?"

"Hapana, kaka."

"Nilikuja kuvunja mkokoteni wako?"

"Hukuja."

"Basi sikiliza. Kule barabara kuu kuna fundi wa pancha, anaitwa Sivalingam. K. Sivalingam. Vijana wangu wamezungumza naye, anaogopa. Wewe ndiye mtu pekee hapa aliyewahi kupitia jambo hilo. Nenda kamtoe hofu. Mwambie ni sahihi tu, mtu anarudi kwenye kazi yake."

Pechi aliacha alichokuwa akifanya. Thenmozhi akatoka nyuma ya pazia.

"Nilichora ndoo zako mpaka vidole vikapasuka," alisema. "Nilinyamaziana na baba yangu mwaka mzima kwa ajili yako. Leo unamtuma akamtafute mwenzake?"

Kondakta hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekwisha kujibu swali hilo mara nyingi, peke yake. "Kwa uaminifu nilipungukiwa kura mia tatu themanini na nane, binti. Na ninyi mkapungukiwa nyumba. Nikishinda, ninyi wa ukingoni mtapata viwanja upande wa pili wa mfereji."

"Utatupa, au utajaribu?" Thenmozhi aliuliza.

"Nitawapa," alisema Kondakta. Alisema haraka, tena bila kumtazama.

Alipoondoka, Thangavel alivaa ndara zake. Mkewe alimkamata mkono. "Unakwenda kweli?"

"Nakwenda kumwambia yaliyonipata. Nani mwingine atamwambia?"

Alimkuta fundi wa pancha ameinama kwenye beseni la maji, akitafuta tundu la mpira. Alikuwa mtu mwembamba mwenye watoto wadogo watatu waliokuwa wakicheza kati ya matairi. Thangavel alichuchumaa, akamweleza kila kitu: gari jeupe, wali wa Palani, kikombe cha karatasi, lori la maji, furushi la mashati. Hakujihurumia wala hakujitetea. Alimweleza hata kishikio cha mlango ambao haukufungwa. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu. Fundi alisikiliza vizuri, mpira mkononi, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

Pechi alikuwa amesimama mlangoni aliporudi.

"Umemwambia?"

"Yote."

"Akasemaje?"

Thangavel aliketi kwenye kiti alichokalia Kondakta, akavua ndara.

"Aliniuliza mimi nilipata kura ngapi. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema yeye atanipita."